Baada ya Arobaini, Nani Amshike Mtoto?

Wazee wetu wa pwani waliijua likizo ya uzazi kabla haijaandikwa katika sheria yoyote, na jina lake waliiita arobaini. Mwanamke akishajifungua aliitwa mzazi, na kwa siku arobaini mzazi hakushika mwiko, hakuteka maji, hakufagia uwanja. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja, akapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na mtoto wake akaogeshwa na kusingwa kwa mikono iliyokwisha kulea wengine kumi kabla yake. Neno lenyewe la mkaja limebaki katika mahari zetu hata leo: posa ikija, mama wa bibi arusi hutengewa mkaja wake, kama kuambiwa kwamba siku zile alizofungwa tumbo kwa ajili ya binti huyu hazikusahauliwa.

Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 nayo ina arobaini yake. Humpa mama mwajiriwa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo humjua aliyeajiriwa tu. Asukaye makuti Msambweni, alimaye mihogo Ganze, apandaye mwani Kibuyuni, hawana mwajiri wa kuwaandikia barua ya likizo. Likizo yao ilikuwa mama mzaa chema, shangazi, wifi na majirani. Swali ambalo ningependa tulitazame leo ni hili: mikono ile imekwenda wapi, na je, huduma zinazoletwa vijijini kwa jina la malezi ya watoto wachanga zimekuja kushika mahali pake, au zimekuja kufanya jambo jingine kabisa?

Tuanze na mikono. Binti aliyeolewa zamani alihamia nyumba ya tatu au ya nne kutoka kwa mamake. Siku hizi huhamia chumba cha kupanga Mombasa au Malindi, na jirani yake ni mtu asiyejua jina lake. Mume huenda kutafuta riziki mbali. Mama mwenyewe naye huenda; si haba mabinti wa mwambao waliokwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakawa wanalea watoto wa watu huko na wao wenyewe wamewaacha wao kwa bibi. Na bibi huyo si yule tuliyemzoea katika hadithi, aketiye barazani na kijaluba cha uraibu. Huyu wa leo ana miaka arobaini na mitano, yumo baharini au shambani tangu alfajiri, na wajukuu watatu wanamngoja amalize.

Sitaki nidhaniwe kwamba nalilia ya kale. Arobaini ilikuwa na kasoro zake. Palikuwa na wakunga waliomwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya manjano, wakisema ni machafu, na leo kila muuguzi atakwambia kwamba hayo ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto. Palikuwa na vichanga wa mwezi mmoja walionyweshwa maji na uji mwepesi kwa kuwa walilia sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 60 katika kila 100 walio chini ya miezi sita nchini Kenya hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Yaani hata sasa wako 40 ambao hawapati hayo pekee. Elimu yahitajika, hapana ubishi. Ila elimu ni kitu kimoja, na mkono wa kumshika mtoto ni kitu kingine, na khofu yangu ni kwamba tumekuwa wepesi wa kuleta hiyo ya kwanza kwa sababu ni rahisi.

Tazama ramani ya huduma zenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia serikali za kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na pia vituo vya kulelea watoto. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilikimbilia chekechea. Madarasa yakajengwa kutoka Lungalunga hadi visiwa vya Lamu, walimu wakaajiriwa, na mtaala mpya ulipoenea nchi nzima mwaka 2019 ukapanga miaka miwili ya chekechea kwa mtoto wa miaka minne na mitano. Katika madarasa hayo hata dini ina kipindi chake, na mtoto wa Kiislamu hufunzwa dini yake. Haya ni maendeleo, na asiyeyaona ana chuki. Lakini lile fungu la tatu, vituo vya kulelea watoto, limebaki kama kombe lililowekwa juu ya kabati: lipo, twaliona, hatulitumii. Darasa hufunguliwa siku ya sherehe, na jiwe la msingi huandikwa jina la mkubwa. Kumshika mtoto wa mwaka mmoja na nusu ili mamake afanye kazi hakuna jiwe la msingi.

Upande wa afya pia tazama. Kliniki humwona mtoto akizaliwa, kisha wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, halafu miezi tisa, na chanjo za kawaida humalizika miezi kumi na minane. Kijitabu cha mama na mtoto kina kurasa za kupima uzito mpaka miaka mitano, lakini sindano zikiisha akina mama wengi hawarudi, na ukiuliza kwa nini utajibiwa kwamba mtoto si mgonjwa, na nauli ya pikipiki si mchezo. Basi tangu miezi kumi na minane hadi atimize miaka minne aingie chekechea, mtoto wa kijijini hupotea machoni pa serikali. Ni miaka miwili na nusu. Humo ndimo anamojifunza kusema, kukimbia, kuuliza, kuogopa na kuacha kuogopa.

Na gharama yake yaonekana. Utafiti ule ule wa 2022 ulikuta kwamba katika Kenya nzima watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe ya kutosha muda mrefu au kwa maradhi ya mara kwa mara. Katika Kaunti ya Kilifi walikuwa 37 katika kila 100, na hapakuwa na kaunti nyingine iliyoishinda kwa ubaya huo. Kilifi hii hii, yenye bahari, minazi na mikorosho, na yenye kituo cha utafiti wa afya kilichojengwa jina tangu 1989. Utafiti ni utafiti, na sahani ni sahani. Kudumaa huanza tumboni kwa mama na hushika sana kati ya miezi sita na miaka miwili, mtoto anapoanza kula. Na si njaa peke yake inayokuleta, bali pia maji mabaya, malaria, kuharisha, mimba zinazofuatana upesi, na uji mtupu wa mahindi unaokorogwa asubuhi ili uliwe mpaka jioni kwa kuwa hakuna aliyebaki nyumbani wa kukoroga mwingine. Hili la mwisho huzungumzwa kidogo. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Yataka alishwe mara kwa mara, na kulisha mara kwa mara kwataka mtu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, lilitoa mwongozo juu ya malezi ya miaka ya kwanza, nao ukataja mambo matano: afya njema, lishe, usalama, kumjibu mtoto anapokutaka, na nafasi ya kujifunza mapema. Ukiyasoma hayo mawili ya mwisho hutakosa kutabasamu. Kumjibu mtoto anapokutaka ndiko kule kumbembeleza kwa nyimbo, kumchezesha magotini, kumwitikia anapobwabwaja kama kwamba amesema neno. Kujifunza mapema ndizo zile hadithi za paukwa-pakawa na vitendawili vya baada ya Isha. Sisi tulikuwa na ghala zima la mambo haya, tena kwa mizani na vina. Hapana aliyelichoma ghala hilo. Wenye funguo zake ndio waliotoka kwenda kazini.

Hapa lazima nikumbushe jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ambalo lilianzia papa hapa Mombasa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwomba Aga Khan awasaidie kuinua hali ya elimu ya watoto wao, ambao walikuwa wakifika darasa la kwanza wamekwisha kuachwa nyuma. Wazee wengine waliona kwamba nasari zitawapoteza watoto wao katika dini; wengine waliona kwamba chuo peke yake hakitawafikisha mbali katika dunia. Jibu lililopatikana halikuwa la kuchagua moja. Mwaka 1986 mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alianza kazi ya majaribio ya kuiweka chekechea ndani ya madrasa yenyewe, na mila na dini ya watoto vikawa ndani ya masomo. Mwaka 1990 mradi ukavuka hadi Zanzibar, na 1993 ukaingia Uganda. Baadaye madrasa za namna hiyo zikapita 200 katika nchi hizi tatu.

Kilichofanya mradi ule ushike mizizi si fedha. Waliingia kijijini wakakaa na watu kwanza, wakazungumza mpaka wazee, akina mama na kamati ya msikiti wakakubaliana. Kijiji kikatoa chumba. Kijiji kikachagua mabinti zake wenyewe, wengi wao hawakuwa wamepata kushika chaki, nao wakafunzwa ualimu. Vifaa vilikuwa vifuu, makumbi, kombe za pwani, visoda na mbegu. Njia ya kufunza ilitoka Michigan, Marekani, iitwayo High/Scope, ambayo mtoto hupanga atakalofanya, akalifanya, kisha akawaeleza wenzake alilofanya. Nayo ikavaa kanzu na kofia ikakaa mkekani bila ugomvi. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa madrasa hizo, watoto wa chekechea nyingine, na watoto waliobaki nyumbani. Waliopita chekechea yoyote waliwapita wa nyumbani kwa akili za kufikiri na kulinganisha mambo, na wale wa madrasa waliwapita wote.

Donda lilikuwa moja, nalo ni mshahara wa mwalimu. Wazazi wa kijijini hutoa ada ndogo, tena msimu wa kusi ukivuma na mashua zikilala pwani hawatoi kabisa. Zilianzishwa akiba ndogo zilizowekezwa ili faida yake isaidie shule, nayo ilikuwa fikira nzuri, ila faida ya akiba ndogo ni ndogo. Mwanamke anayewakusanya watoto thelathini wa kijiji kila asubuhi hawezi kulipwa kwa dua peke yake. Kaunti zilipokuja na chekechea zenye walimu wa vyeti na mishahara, ilikuwa haki kuuliza, na ni haki kuuliza hata leo, yule binti wa kijiji aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini kwa shilingi za kubahatisha ana nafasi gani katika mpango mpya. Ujuzi wake wa watoto wadogo hauko katika cheti, lakini uko.

Tena tukumbuke kwamba chuo, hata kabla ya miradi, kilikuwa kimekwisha kuwa kituo cha kulelea watoto, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Mimi nilipelekwa chuoni ningali na miaka minne. Maalimu wetu alikuwa na bakora, na mkewe alikuwa na sinia la mihogo ya nazi. Alif na be tulizipata kwa yule wa kwanza. Lakini aliyetufuta makamasi, akatutenganisha tukipigana, akamlaza aliyeshikwa na homa juu ya kitanda chake mpaka mamake arudi shamba, alikuwa ni yule wa pili. Hakuna aliyemlipa hata senti. Sherehe za kukhitimu zilipofika, kilemba alivishwa maalimu.

Sasa twende Kwale, kusini, kwenye vijiji kama Kibuyuni na Mkwiro, ambako wanawake wamejenga biashara ya mwani kwa mikono yao. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, na kazi yake hufanywa maji yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katika mwambao wetu maji ya bamvua hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Wa miaka mitano yuko darasani wakati huo. Wa miaka miwili je? Ama hubebwa mpaka majini akaachwa mchangani juani, ama dada yake wa miaka tisa hukosa shule amshike. Mwani hungojea bamvua, lakini shule ya dada haingojei mtu.

Mwenye kupanga huduma akiwa Nairobi atasema kijiji hiki chahitaji jengo, bajeti na msimamizi wa siku tano kwa wiki. Mwenye kuijua pwani atasema chahitaji watu wawili wanaoaminika, kivuli cha mkungu au banda la makuti, maji safi, chungu cha uji ulioungwa dagaa na njugu, na malipo ya siku kumi au kumi na mbili kwa mwezi, zinazofuata bamvua. Siku za maji mafu mama yuko nyumbani. Sisemi kwamba hili ni rahisi. Kumwachia mtu mtoto wa miaka miwili ni amana nzito, na lazima wawepo wa kukagua. Nasema kwamba ni dogo kuliko tunavyotishwa, na kwamba huduma isiyojua kupwa na kujaa haitawafaa watu wa pwani.

Mtu wa karibu zaidi ambaye serikali imempeleka nyumbani kwa mama ni yule mhudumu wa afya wa kijamii. Septemba 2023 walizinduliwa wapatao laki moja katika nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Aghalabu ni wanawake wa kijiji hicho hicho, na kila mmoja hutarajiwa kuzizungukia nyumba kiasi cha mia moja. Huyu ndiye awezaye kumwona mtoto wa miezi ishirini asiyekwenda kliniki tena, akagundua kwamba hatembei vizuri au mkono wake umekonda. Lakini hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji: nyumba mia, presha za wazee, sukari, malaria, wajawazito, simu ya kuingiza takwimu, na shilingi 5,000. Twamtaka awe mkunga, shangazi na karani kwa pamoja. Kama tumeamua kwamba yeye ndiye mkono wa pili, basi nyumba zipunguzwe, posho iongezwe na ilipwe kwa wakati.

Nimebakisha akina baba, na hapa sitatoka nje ya msahafu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara hutajwa sana katika darasa za wanawake, kwa sababu inazungumzia mama kunyonyesha miaka miwili kamili. Mara chache nimeisikia ikitajwa katika khutba ya Ijumaa, mbele ya wanaume, kwa lile fungu linalofuata: kwamba chakula na mavazi ya huyo mama anayenyonyesha ni juu ya baba, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba kumwachisha mtoto ziwa ni kwa kushauriana na kuridhiana wote wawili. Maana yake ni kwamba mtoto anyonyapo, baba naye ananyonyesha, kwa mfuko wake na kwa shauri lake. Semina nyingi za malezi zinazofanywa vijijini huita akina mama, huwafunza aina za vyakula na umuhimu wa kuzungumza na mtoto, huwapa soda na nauli, huwapiga picha. Mwenye kushika pesa za samaki yuko barazani, hakuitwa, wala hakujiita. Maimamu wetu wana mimbari kila wiki, hawahitaji mradi wala mfadhili kulisema hili.

Basi iko nafasi iliyo karibu, nayo si ya kungojea wageni. Mipango ya kaunti ya miaka mitano iliyoanza 2023 yamalizika 2027, na mingine itaandikwa. Na kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, makadirio ya fedha ya kaunti lazima yawe yamefikishwa katika bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Hapo ndipo pa kuuliza lile fungu la Jedwali la Nne, vituo vya kulelea watoto, limetengewa shilingi ngapi. Wenye kuuliza vizuri zaidi ni wale akina mama wa mwani. Lakini mikutano ya namna hiyo huitishwa saa nne asubuhi, na ikiangukia bamvua, watakaofika ukumbini ni wanaume na walimu wastaafu. Anayeandika barua ya kuitisha mkutano na aangalie kwanza mwezi uko wapi.